Mama Alilala Juu ya Mashine

Msusi alikuwa na saluni chini ya jengo la maduka, viti vitatu na kioo kimoja kirefu, na tangu aolewe hakuwahi kupumzika hata wiki moja. Kwa hiyo wifi yake alipoingia pale na kipeperushi mkononi, akatangaza kwamba familia inakwenda kupanda meli ya kitalii, hakuwa na nguvu ya kubisha sana. Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa na ofisi ya kuuzia watu safari. Wote walimwita Mama Safari.

“Bei yake ni kama hoteli ya kawaida tu,” alisema Mama Safari huku akijitazama kwenye kioo. “Chumba humo humo, chakula humo humo, muziki humo humo. Kazi yenu ni kula na kunenepa.”

“Na magoti ya Mama je?” aliuliza Msusi. Mama mkwe wake alikuwa anatembea kwa kushika kuta.

“Mama ndiye tunayempeleka, wifi! Ametulea mpaka mgongo umepinda. Au unaona hastahili?”

Msusi akaendelea kusuka. Mteja aliyekuwa anasukwa alimtupia jicho, na nani angetaka kuonekana anamnyima mkwewe raha? Jioni mumewe, fundi wa friji, mtu mpole ambaye neno la dada yake kwake lilikuwa la mwisho, alisema atauza pikipiki. Msusi naye akaahirisha kununua draya mpya. Wakalipia watu watatu, wao wawili na Mama.

Baada ya kulipa ndipo mambo yakaanza kutoka moja moja. Kumbe kodi za bandari haziko ndani ya bei. Kumbe bima ni lazima. Kumbe meli haiji kuwachukua. Lazima wapande ndege kuifuata, walale hoteli usiku mmoja wakiisubiri. Kila mara Mama Safari alipiga simu kwa sauti ile ile ya uchangamfu: “Ni hiki kidogo tu kimebaki, halafu tumemaliza.” Msusi akawa anaiacha simu iite kwanza kabla ya kuipokea.

Meli yenyewe ilikuwa kubwa kama mtaa. Ukumbi wa kuingilia ulikuwa na ngazi za kioo na marashi yaliyopuliziwa kutoka darini. Lakini wao waliteremka, wakateremka tena, mpaka zulia likaisha na sakafu ikawa ya plastiki. Chumba cha Mama kilikuwa mwisho wa ujia. Hakikuwa na dirisha. Ukutani walikuwa wamebandika picha ya bahari, na chini ya kitanda kulikuwa na mngurumo usiokatika, kama lori lililowashwa likasahauliwa. Choo kilikuwa kinarudisha harufu ya maji machafu.

“Mama, kunanuka,” alisema Msusi.

“Ni upya wa mahali, mwanangu,” alijibu Mama, akaketi kitandani amekumbatia mkoba wake. “Nitazoea.”

Msusi akapanda mapokezi. Kijana wa pale alitabasamu, akasema meli imejaa, ila kuna chumba kimoja chenye dirisha, na akataja pesa ya kuongeza. Msusi aliondoka bila hata kuaga.

Kwenye bafe ndiko alikoanza kuchukia hasa. Chakula kilikuwa bure kweli, na kwa sababu kilikuwa bure, watu walijaza sahani mpaka zinamwagika, wakala vijiko viwili, wakachukua nyingine. Alimwona mwanamume mmoja akionja mchuzi kwa kijiko cha kupakulia, akakilamba, akakirudisha. Vijana wa jikoni walikuwa wanakomba nyama nzima nzima na keki zilizoumwa mara moja, wanazitupa kwenye mapipa. Maji ya chupa yalilipiwa. Soda ililipiwa. Mama, asiyejua, alipewa glasi ya juisi na binti mchangamfu aliyekuwa anapita na sinia, akamshukuru na kumwombea baraka. Baadaye wakakuta imetozwa kwenye hesabu ya chumba.

Mumewe alikuwa bado anajaribu kucheka. Alipoangalia matozo ya siku kwenye skrini ya chumbani, aliangua kicheko.

“Mke wangu, njoo uone. Wameandika wifi, inalipiwa kila siku. Hata dada yangu wamemtia bei!”

Msusi alicheka pia, mara ya mwisho kwenye safari ile.

Kesho yake meli ilitia nanga mbali na mji. Bandari ilikuwa ndogo, kwa hiyo watu walishushwa kwa boti, kwa ngazi nyembamba ya chuma iliyokuwa inachezacheza. Matembezi ya mjini walishayalipia nyumbani, kwa Mama Safari mwenyewe. Mama aliishika kamba, akatazama chini, akarudi nyuma.

“Nyinyi nendeni,” alisema. “Mtanisimulia.”

Hawakwenda. Waliuliza kama watarudishiwa pesa, wakaambiwa hapana. Mchana ule Mama akaanza kutapika. Mngurumo ulikuwa umeingia kichwani, alisema, na ile harufu imekaa kooni. Msusi akamfuta uso, akamwachia mumewe ndoo, akaenda kumtafuta wifi yake.

Mama Safari alikuwa amewaambia kwamba yuko “upande wa pili, chumba kama chenu.” Msusi alizunguka ghorofa yao yote bila kumwona. Kwenye lifti akakutana na mwalimu mstaafu, mmoja wa wateja wa Mama Safari waliosafiri nao kwenye kundi moja.

“Kiongozi wetu? Huku chini hayupo,” alisema mwalimu. “Yuko juu kabisa, kwenye vyumba vyenye roshani. Si ndio faida yake! Ukifikisha idadi ya watu, wewe unasafiri bure. Hata mimi aliniambia nikitafuta wenzangu nitapunguziwa.”

Msusi alipanda, akaonyeshwa mlango, akausukuma; upepo safi ukampokea. Mama Safari alikuwa amevaa taulo jeupe la kuogea, miguu juu ya kiti, roshani iko wazi, bahari yote mbele yake. Alikuwa anakula zabibu na kutema mbegu kiganjani.

“Wifi! Umenipataje?”

“Mama anatapika.”

“Jamani, pole yake. Mpe tangawizi.”

“Hiki chumba umelipa shilingi ngapi?”

Mama Safari akaweka mbegu zake kwenye kisahani, taratibu. “Wifi, hii ni kazi. Kila kazi ina posho yake. Ukiweka kundi, meli inakupa chumba. Simuibii mtu.”

“Na Mama ulimhesabu kwenye kundi?”

“Sasa nimwache nje? Bila nyinyi watatu idadi isingetimia.”

Alisema hivyo bila kuona haya, kama anayeeleza jinsi ya kupika wali. Mwanamke huyu alimpigia mama yake mzazi hesabu kama kichwa cha ng’ombe mnadani, akamteremsha juu ya mashine, kisha akaja kula zabibu.

“Basi mpishe Mama alale hapa.”

“Haiwezekani. Chumba kina jina langu, kuna taratibu za usalama.”

Msusi aliporudi chini na kueleza, mumewe alisugua paji la uso. “Labda hukumwelewa vizuri. Dada yangu hawezi…”

“Nimemsikia mkeo,” alisema Mama kutoka kitandani. “Nipeni kandambili zangu.”

Walimpandisha kwa lifti. Mlangoni kwa binti yake aliukataa mkono wa mwanawe, akasimama mwenyewe. Alikitazama kitanda kikubwa, maua, pazia linalopepea.

“Ulikijua kile chumba ulichonilaza?” aliuliza.

“Mama, kwa pesa walizotoa ndicho kilichopatikana. Mngeongeza kidogo…”

“Nimekuuliza kama ulikijua.”

Mama Safari alitazama pembeni. “Nilikijua.” Kisha akaona uso wa mdogo wake pale mlangoni, akalegea. “Haya, Mama, lala hapa leo. Mimi nitajibana kwenye kochi.”

Mama alitikisa kichwa. “Hapa siwezi. Hapa kunanuka kuliko kule.”

Akageuka. Mume wa Msusi akaenda mapokezi akalipia kile chumba chenye dirisha kwa siku zilizobaki, kwa pesa aliyoweka kwa ajili ya ada ya mtoto wao aliyebaki nyumbani. Siku ya kushuka waliletewa hesabu ya mwisho, na bakshishi ya wahudumu imekatwa kwa kila kichwa, wapende wasipende. Jumla ilikuwa karibu sawa na nauli waliyoilipa mwanzo. Yaani walikuwa wameinunua safari mara mbili.

Haikupita muda mrefu tangu warudi, tangazo la Mama Safari likasambaa kwenye simu: Mama siku ya kupanda, ameshika reli ya meli, anatabasamu, na maneno makubwa, *Mpe mama yako zawadi anayostahili.* Wateja wa saluni wakaanza kuuliza. Msusi hakusengenya. Aliwatajia bei ya kipeperushi, kisha kodi, bima, ndege, hoteli, maji, bakshishi, na kwamba waulize chumba kiko wapi. Wengi walibadilisha mazungumzo.

Mama Safari alivamia saluni imejaa. “Unaniharibia riziki, wifi! Mimi, damu ya mumeo!”

“Nimetaja bei tu,” alisema Msusi, mikono imejaa nywele za mtu. “Kama kuna niliyoongeza, sema hapa hapa tusikie.”

Mama Safari akageuka, akatoka. Jioni ile mume wa Msusi alikwenda ofisini kwa dada yake, akakaa kwenye kiti cha wateja mpaka ile picha ya Mama ikaondolewa.

Jumapili moja Mama Safari akaja nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea, na bahasha kwa ajili ya Mama. Ndani mlikuwa na kuponi ya punguzo la safari ya mwakani. Mama aliisoma, akaiweka mezani kwa ncha za vidole, akafuta vidole kwenye gauni lake. Msusi alimpa mgeni chai, maana mgeni ni mgeni, lakini alipomwona anapuliza kikombe na kuanza kusifia meli mpya, alishindwa kukaa chumba kimoja naye. Akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje.

Baadaye mumewe naye akatoka, akaketi kando yake.

“Anauliza kama tuandike majina mapema,” alisema.

“Umemjibu nini?”

“Nimemwambia akimaliza chai, aende.”

Msusi akasogea kidogo, akampa nafasi akae vizuri.