Shingo ya Walii

Mahbuba ndiye aliyeivumbua karatasi ile, alipokuwa akikung'uta godoro la wifi yake. Aliishika kwa ncha za vidole, kama aliyeokota nguo ya mtoto aliyejikojolea, akaipeleka ukumbini kwa mama yake.

Rahila, wifi mwenyewe, aliporudi kisimani alikuta karatasi iko juu ya mkeka, chetezo cha ubani pembeni mwake, na mumewe Bakhit kaitwa kutoka dukani Matrah. Akatua ndoo. Alijua kwamba picha ile ikimtoka mikononi leo, hataiona tena.

"Haya, bibi," alianza Bi Masouda, mkwewe. "Tumekimbia Unguja tumeacha nyumba, tumeacha mikarafuu, tukashukuru tumefika Maskati na dini yetu. Wewe Unasara umeutia chini ya godoro ukaulalia."

"Picha tu hiyo, mama."

"Ya nani?"

"Ya walii wao mmoja. Msichana alouliwa kwa dini yake, zamani sana. Hapo wanamzika."

"Unamwomba?" aliuliza Mahbuba, macho yakimcheka.

"Wewe unakiomba kile kikopo chako cha poda?"

Kikopo cha poda kilichorwa mwanamke wa Kizungu, naye, kama kila chenye uso kilichoingia nyumba ile ya Darsait, alikuwa na mstari mweusi shingoni. Hiyo ilikuwa kazi ya Bi Masouda tangu Unguja. Kopo la biskuti, boksi la chai lenye tembo, vyote vilipita kwake kwanza, akavikata shingo kwa mkaa. Kichwa kikishatengwa na kiwiliwili, picha haina roho tena, na mtu anaweza kusali mbele yake.

Hii ilikuwa karatasi iliyochanwa kitabuni. Wachoraji wa makanisa ya Ulaya, miaka mia tatu nyuma, walipenda kujaza giza kila pembe, kisha wakaingiza mwanga upande mmoja, kama mlango uliofunguliwa kidogo. Hivyo ndivyo sista wa Kitaliana, mwalimu wa kuchora, alivyomfundisha Rahila na wenzake shuleni Unguja, na ndiye aliyemficha Rahila stoo ya shule siku zile za mapinduzi, Januari. Mbele wamesimama wachimba kaburi wawili wenye migongo mipana. Nyuma yao bikizee analia, kajishika mashavu. Chini, penye mwanga, msichana kalazwa chali, mdomo wazi kidogo, nyayo zimejaa vumbi. Wanasara walizipigia magoti picha kama zile. Rahila hakupiga goti. Aliitazama kwa sababu mdomo ule, na nyusi zile zilizoungana, vilikuwa vya Nasriya, mdogo wake.

Picha za Nasriya ziliungua pamoja na nyumba. Rahila hakuiona maiti yake. Jirani alimwambia tu kwamba kachinjwa uani, kafukiwa na wengine shimo moja. Alipofika Maskati aliomba mdogo wake asomewe hitma. Bi Masouda alikataa. "Watu watauliza kafa vipi, na kabla ya kufa kafanywa nini. Nna mwari humu ndani hajaolewa. Usimtaje." Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha, na hakutajwa.

"Ichomwe," alisema Mahbuba.

Bakhit alikohoa. "Mama, si umkate shingo tu, kama vyengine? Yaishe."

"Umesema, mume wangu," alisema Rahila. "Mdomo unao kumbe."

Bi Masouda alichagua mkaa uliozimika kwenye chetezo, akainama mpaka pua ikaikaribia karatasi. Mkono ukasita. Shingoni mwa msichana palikuwa na mstari tayari, mwembamba, mwekundu wa kukaribia weusi.

"Ah! Kumbe ushamkata?" Sauti ililainika. "Si ungesema, mwanangu! Tunatoana roho bure. Umemkata wewe, eh?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo, na picha ingekuwa yake, na chakula cha mchana kingeliwa kwa amani. Rahila aliketi mkekani, mbele ya karatasi.

"Sikumkata mimi. Mchoraji kamchora kama alivyokuwa. Kachinjwa, mama. Kama Nasriya."

"Nlikwambia usimtaje!"

"Wewe unakata shingo ili uondoe roho. Huyu hana, washamtoa. Wenye roho ni hawa."

Akampokonya mkaa. Shingo ya mchimba kaburi wa kwanza aliikandamiza hata karatasi ikatoboka. Wa pili alimvutia mstari kutoka sikio mpaka sikio. Kisha akautua mkaa mkekani.

"Na huyo kizee?" aliuliza Bi Masouda.

"Huyo simkati. Ndiye peke yake anayemlilia. Nyumba hii haina mwengine."

Mahbuba aliacha kucheka. Bakhit aliangalia vidole vyake vya miguu. Bi Masouda akaokota mkaa, akaivuta karatasi kwake, akamkata bikizee shingo kwa mstari mmoja ulionyooka. Akaisukuma karatasi kwa mkwe wake.

"Haya, chukua. Sasa hamna mwenye roho. Wala hamna anayelia."

Rahila alipuliza unga wa mkaa, ukamrukia Bi Masouda kangani. Akasimama na picha yake.

"Bakhit, nipe nyundo na msumari."

"Unataka kuitundika wapi?"

"Hapa ukumbini, mbele ya mama. Kashaihalalisha mwenyewe. Atasali nayo ipo mbele yake."