Mama wa Kobe wa Boaz

Mdogo wangu Ndaki yuko gerezani kwa kukutwa na kobe wa milimani ndani ya gunia. Aliyemtuma ni Boaz, tajiri wa dhahabu ya Geita aliyefungua bustani ya wanyama njia ya Tinde. Mahakamani Boaz aliapa kwamba hamjui kabisa, na Ndaki alikuwa akila nyumbani kwake! Alijua mimi ni dada mtu, akaniacha kazini kwake akiamini njaa itanifunga mdomo. Sikutaka pole ya mtu. Nilitaka Boaz aseme ukweli, na aumie akiusema.

Kazi yangu ni kuingiza wanyama wake kwenye mfumo wa kompyuta unaotumiwa na bustani za nchi nyingi pamoja na watafiti wa porini. Kila mnyama ana namba, mahali alipozaliwa, mama na baba, ili ndugu wasipandishwe na walioibwa porini wajulikane. Boaz alitaka kupeleka kobe wake wadogo nje ya nchi.

"Andika wamezaliwa hapa," aliniamuru.

"Mama yao nani?"

Mfumo unakubali ujaze "hajulikani", na huenda angepita salama. Sikumwambia. Huku kwetu mfugaji humtaja ng'ombe kwa mama yake na bibi yake. Asiyejua huchekwa mnadani.

"Au niandike hujui, Baba Sostenes?" nilimwuliza Boaz, nikimwita kwa jina la mwanawe. "Wewe, mtoto wa wafugaji?"

Alivimba. "Nani hajui? Ni yule mkubwa mwenye doa mgongoni. Nimemwona akitaga kwa macho yangu!"

"Wote ni wake?"

"Wote!"

Niliandika alivyosema, nikabandika na picha ya huyo mama. Moyo ulinidunda kwa furaha mbaya, na sioni aibu kuisema.

Akaja Daktari Agnetha, daktari wa wanyama, kukagua, akiwa na askari wa wanyamapori. Alimgeuza yule kobe, akautazama mkia, akamwomba Boaz arudie maelezo. Boaz akarudia kwa sauti, mbele ya wafanyakazi wote.

"Mzee," daktari alisema, "huyu ni dume."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote.

Askari hakucheka. "Basi hawa umewakamata mwenyewe porini."

"Si mimi!" Boaz alibabaika. "Aliwakamata Ndaki. Mimi nilimtuma tu."

Nilimsogelea. "Ndaki yupi, Baba Sostenes? Si ulisema humjui?"

Alinitazama, akaelewa. Askari alikuwa ameshaanza kuandika, na hiyo ingemtosha mtu mwenye roho nzuri. Mimi nilimwomba askari amwambie aseme tena, polepole, na jina la baba yetu alitaje. Akasema tena, mdomo umemkauka, nami nikasimama pale pale mpaka alipomaliza.