Mji Uliokaa Mezani

Mama Sikio aliipiga chupa ukucha, akaisikiliza, akaitupa gunia la kushoto. Akachukua ya pili, ukucha, gunia la kulia. Wenzake walisoma alama kitakoni mwa chupa. Yeye alitega sikio tu, na ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahauliwa hata na mumewe.

"Wifi, wakubwa hawatakusubiri," alisema wifi yake, mshika mizani. "Na unawe. Usiwapelekee dampo zima kabla hawajalipangia."

Siku hiyo ofisi ya mkoa ilikuwa inapitisha mpango wa miaka kumi wa kupunguza taka. Karani wake alikuwa amewaambia watu wa dampo: banda lisilokuwa kwenye mpango litavunjwa mwezi ujao. Basi wanawake kumi na wawili wa banda la kuchambulia walimtuma Mama Sikio na neno moja: banda letu litiwe kwenye mpango. Alilikariri njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani.

Mlangoni mwa ukumbi aliandikwa, akapewa kikaratasi cha zamu ya kusema: namba kumi na saba. Akakifunga kwenye pindo la nguo, akaingia, akasimama palepale.

Katikati ya ukumbi, juu ya meza pana kama vitanda vitatu, palikuwa na mkoa mzima. Mto wa kioo. Miti midogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Na kiwanda chenye taa za kweli ndani, na ukanda mwembamba uliotembea wenyewe, umebeba takataka ndogo kama punje za mchele: nyeupe zikaenda huku, za buluu zikaenda kule, hakuna nzi, hakuna harufu. Miaka ishirini na mitatu amekaa ndani ya taka, hakuwahi kuziona zikitii namna ile. Macho yakamlowa. Alipotaka kusema, sauti ikatoka ya chini, kama ya mtu aliyeingia nyumba ya ibada.

"Hii mmeitengeneza nyie?"

"Sisi, mama," alisema bwana mipango, kijana mwenye kadi shingoni. "Mashine hiyo itatambua aina saba za plastiki."

"Mimi tisa," alisema polepole. Hakutaka kuiaibisha mashine mbele za watu. "Na hapa mto unapokata kona, mwanangu, ni nini?"

"Bustani. Na bwawa la bata."

Hapo ndipo lilipo banda lao. Bata walikuwa wanne, wamechongwa mpaka midomo.

"Aliyewachonga ana mkono," alisema, na alimaanisha. "Ila bata wamo, sisi hatumo."

"Utasema zamu yako ikifika, mama. Wadau wataanza baada ya chai."

Chai ikaja, na chupa mia tatu za maji, na sahani za povu gumu jeupe. Wadau wakanywa nusu nusu, wakaacha. Mikono ya Mama Sikio ikaanza yenyewe: mwaga maji, ng'oa kifuniko, kanyaga, ukucha. Msimamizi wa ukumbi alipomwona akamletea magunia.

"Mama wa usafi, afadhali umewahi. Na zile za nyuma, tafadhali."

Angesema mimi ni mdau. Lakini gunia lilikuwa limeshaingia mkononi, na chupa zenyewe zilikuwa safi ajabu, hazijawahi kuonana na tope. Akatoka nazo uani, akazichambua kama anachuma maua. Kipaza sauti kiliita ndani. Sikio lile linalotenganisha plastiki tisa lilikuwa kwenye chupa.

Aliporudi, watu walikuwa wanamalizia makofi.

"Kumi na saba iliitwa mara tatu," alisema bwana mipango, akikunja waya. "Tumeandika hana maoni."

"Niandike sasa, baba. Neno lenyewe fupi."

"Orodha imefungwa, mama. Mpango umepita."

Bandani aliwaeleza yote, hakuficha hata gunia. Wifi yake akaisogeza mizani.

"Umerudi na nini?"

"Magunia manne."

"Safi?"

"Hujawahi kuona."

Wifi akayatundika kwenye mizani bila kumtania, na hilo ndilo lililomtisha.

Jioni lori la mkoa likaja, likamwaga sahani za povu, na juu ya sahani ukashuka mji ule wa mezani, umekatika vipande viwili.

"Haukupita mlango wa ofisi," alisema dereva. "Wakasema nitupe."

Betri ilikuwa bado nzima, kiwanda kinawaka. Wanawake wakauzunguka. Mmoja alivua ndala kabla ya kusogea.

Mama Sikio aliupiga mji ule ukucha, akasikiliza. Akaupiga tena.

"Gunia lipi?" wifi aliuliza.

"Hakuna. Plastiki, povu na gundi vimeng'ang'aniana. Huu hauchambuliki."

Wakaubeba ndani, wakaulaza juu ya meza ya kuchambulia, wakaunganisha vipande kwa kamba. Mama Sikio akang'oa bata mmoja mmoja. Akachagua kifuniko cha buluu, akakipangusa kwa nguo, akakiweka pale mto unapokata kona. Kisha akafungua pindo, akatoa kikaratasi, akasimama wima kama mtu aliyeitwa.

"Kumi na saba," alisema. "Banda letu litiwe kwenye mpango."

Taa za kiwanda ziliwaka juu ya nyuso kumi na mbili.

"Na bata?" wifi aliuliza.

"Wakachukue namba."