Pipa la Wageni

Mimi nina mdomo, najijua. Siku ya harusi ya binti wa dada yangu Mona, mwaka wa tisini na nne, mdomo huo nilimfungulia Dama mbele ya watu, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Tulikuwa uani kwa Mona, mtaa wa Kuze, tukipika biriani. Mferejini hapakuwa na tone tangu Jumatatu. Tulinunua maji ya mkokoteni tukajaza mapipa mawili: moja la kupikia, la pili la wageni wa bwana harusi, wapate kunawa na kutawadha. Hilo la pili Mona alilifunika kwa sinia, akaapa kwamba atakayeligusa atamtambua yeye ni nani. Dama, mwanamke wa Kigiriama aliyekuja kutusaidia kazi za harusi, alikuwa pembeni akimenya vitunguu, kimya kama kawaida yake.

Nilichuja wali, nikayaacha maji yake ya moto ndani ya beseni, pale pale watu wanapopita. Kosa ni langu, simsingizii mtu. Binti yangu Abrar, miaka mitano, akaja mbio kunionyesha vikuku vyake vipya. Mguu wake wa kulia ukazama mzima ndani ya beseni.

Ukelele ule sijausahau. Kila mmoja alikimbilia dawa anayoijua: huyu dawa ya meno, yule unga wa ngano. Mimi nilivunja yai, maana ndivyo mama alivyotufanyia sisi. Nikainama nimpake.

Dama akanishika mkono, akanisukuma kando. Alimkalisha Abrar kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akamvua kikuku kabla mguu haujavimba, akaanza kummiminia maji ya pipa la kupikia kwa kata, polepole, bila kukatiza.

"Wafanyani, mkaidi wewe?" nikapiga kelele. "Huna haya? Nani alokufunza udaktari?"

"Maji tu, mama Abrar. Dakika ishirini." Hata macho hakuinua. "Usimpake kitu, tafadhali."

Nilimtukana zaidi ya hapo, sitayarudia. Yeye aliendelea kumimina. Mona akaitazama saa yake. Dakika ya kumi na mbili, kata ikakwangua kitako cha pipa. Abrar, aliyekuwa ameanza kutulia, akalia upya. Dama akaligeukia pipa lililofunikwa, kisha akamtazama Mona.

"Tutawapani wageni?" Mona akanong'ona. Halafu akaliondoa sinia kwa mkono wake mwenyewe. "Mimina."

Zilipotimia ishirini, Dama akaufunika mguu kwa leso safi, bila kuikaza, akaniambia nimpeleke mtoto hospitali na malengelenge nisiyatumbue. Daktari alifunua, akatazama sana, akasema ngozi itapona na mguu utakuwa mzima. Aliyemmiminia maji, akasema, apewe salamu zake.

Niliporudi na Abrar, wageni walikuwa wameshafika na majirani wanaleta maji, huyu ndoo, yule birika. Dama alikuwa akiosha sahani. Nikamuuliza amejulia wapi mambo yale.

"Kwenye kiwanda cha korosho nilikokuwa nikifanya kazi walitufundisha, mwaka wa tisini na moja." Akasuza sahani, akaiweka. "Mwanangu aliungua mwaka wa tisini. Mimi nami nilimpaka yai. Kidonda kikaoza, tukamzika."

Nilitaka nimwombe radhi pale pale.

Lakini nilimtukana mbele ya watu, na kwetu tusi la hadharani haliombewi radhi kichochoroni. Nikawaita wote: Mona, majirani, mpaka shangazi za bwana harusi na mabuibui yao ya hariri. Nikamshika Dama mikono yote miwili, na povu la sabuni juu yake.

"Mkaidi ni mimi," nikasema, wote wakisikia. "Nisamehe, dadangu."

Akaniangukia begani akalia, na mimi nikalia naye, na biriani ikangoja.