Ampi Iliyonyooka Kupita Kiasi

Fundi Shoti hakuwa na tabia ya kuuliza. Alikuwa na tabia ya kufungua. Ukimletea redio, kabla hujamaliza kueleza ilianzaje, mfuniko uko mezani na skrubu ziko mdomoni mwake. Kwa hiyo bibi yake alipomletea ampi ya gitaa, lile sanduku zee la valvu, vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, lenye uzito wa ndama mgonjwa, hakumwacha hata afike kwenye habari yenyewe.

Na habari yenyewe ilikuwa nzito. Bibi alipiga gitaa la solo kwenye bendi miaka thelathini, akaacha mgongo ulipogoma. Sasa mtu wa studio amekubali kumrekodi wimbo mmoja, alioutunga mwenyewe na ambao hakuna aliyewahi kuuweka popote. Leo, saa kumi jioni, kesho studio ina watu wengine. Tatizo, ampi ilinguruma kama friji. Mtu wa studio alishasema ikinguruma harekodi. Bibi naye alishasema hapigi kwenye ampi ya mtu.

Mngurumo Shoti aliujua. Umeme huingia ukiyumbayumba, na ndani ya ampi kuna vikopo vinaitwa kapasita, kazi yake kama pipa la maji: linajaa, linatoa taratibu, mawimbi yanatulia. Vya Bibi vilishazeeka, kimoja kimevimba tumbo. Shoti akautoa umeme uliobaki ndani, maana vikopo hivyo vinakupiga hata ukiwa umechomoa waya ukutani, kisha akaving'oa vyote.

Hapo ndipo alipofanya ujinga wake. Vya zamani vilikuwa vidogo, akaweka vikubwa mara kumi. Akaitazama na ile valvu inayonyoosha umeme, akaona inachelewesha kazi tu, akaichomoa na kufunga daiodi, kidude kinachofanya kazi hiyo hiyo bila kuchelewa. Akampigia simu mtu wa studio, akajigamba kwamba hatasikia hata mbu.

Bibi akachomeka gitaa. Kimya safi. Shoti akakunja mikono akisubiri sifa. Bibi akapiga noti moja, akasita. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu akiwa kwenye nepi, "umeiua."

"Bibi, mngurumo si umeisha?"

"Maiti nayo haingurumi."

Shoti akaanza kutetea: sauti safi, kila noti imesimama. Bibi akamwambia hilo ndilo tatizo, zimesimama kama askari kwenye gwaride. Zamani akigonga kwa nguvu, noti inakaa chini kwanza, halafu inainuka polepole ikivimba. Wimbo wake wote aliutunga humo, vidole vilijua kuisubiri. Sasa hakuna cha kusubiri. Kisha akaanza kurudisha gitaa kwenye mfuko wake, bila kugomba, bila hata kutukana. Hilo lilimtisha Shoti. Bibi yake akinyamaza, kuna kitu kinazikwa.

"Acha tu," akasema. "Ilikuwa tamaa ya uzeeni."

Saa saba na nusu mchana. Shoti akakodolea macho vikopo vyake vinono, na kichwani mambo yakaanza kujipanga. Mkono wa Bibi ukigonga, valvu zinataka umeme mwingi kwa mkupuo. Pipa dogo linashuka, sauti inabonyea, likijaa tena sauti inainuka. Yeye amefunga tangi, haliishiwi hata ufanyeje. Na ile valvu aliyoiona goigoi, ugoigoi wake ulikuwa nusu ya upigaji.

"Bibi," akauliza, na mdomo wake haukulizoea swali, "inakaa chini kwa muda gani kabla haijainuka?"

Bibi akavuta pumzi, akaishikilia kidogo, akaiachia. Hivyo.

Shoti akafunga vipya vidogo, saizi ile ile ya zamani, valvu akairudisha. Kimoja tu alikizidisha ukubwa kidogo kwa sababu ya mngurumo. Bibi akapiga, akatikisa kichwa. Shoti akakitoa, akaweka cha saizi ya zamani. Bibi akapiga, noti ikakaa, ikainuka, na mfuko wa gitaa ukasukumwa kando kwa mguu.

Ila mngurumo ulibaki. Si wa friji tena. Wa mtu anayekoroma chumba cha pili.

Studio, mtu wake alivaa vifaa vya masikioni, akakunja uso. Akamkumbusha Shoti habari za mbu.

"Nilikudanganya," Shoti akasema. "Naweza kuutoa wote, asubuhi niliutoa. Ukitoka, na wimbo unatoka nao. Mrekodi hivyo hivyo, au tubebe sanduku letu twende."

Mtu wa studio akamtazama, akamtazama bibi mwenye mgongo mbovu aliyekwisha kujipanga kwenye stuli, akabonyeza kitufe kwa mkono wa mtu anayepoteza muda wake.

Bibi akagonga. Noti ikaketi, vidole vikaisubiri, ikainuka imejaa chumba kizima. Dakika nne. Alipomaliza, mtu wa studio akaomba arudie kwa usalama tu, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa.

"Nimeshapiga," Bibi akasema, akaanza kutafuta fimbo yake.