Siku Nzima

"Lakini hilo joto lenyewe linatoka wapi?" Wahu aliuliza. Fagio lilikuwa mkononi, kazi ameisahau.

Fundi Dedan alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya mashine, ikabaki miguu. Sauti yake ilitoka huko na mwangwi wa bati. "Linatoka hapa nje, mathe."

"Nje gani? Hii ya baridi?"

Ilikuwa Julai. Mawingu yalikuwa yameikalia Nairobi tangu Jumatatu kama blanketi lililoloa, na juu ya paa lile, ghorofa sita kutoka kelele za Biashara Street, upepo ulipenya kati ya matangi ya maji ukitafuta mtu asiye na sweta. Wahu alikuwa na mbili, moja juu ya nyingine, na leso kichwani. Mashine ilikaa katikati ya paa, ndefu kama kioski, rangi ya kijivu, na juu yake feni mbili zilizofunikwa kwa wavu. Ilipandishwa kwa kreni Jumapili, watu wakasimama barabarani kuitazama ikining'inia.

Dedan alitoa kichwa. "Nyumbani kwako uko na friji?"

"Jirani anayo."

"Ushawahi kuweka mkono nyuma yake?"

Wahu alifikiri. "Kuna moto. Paka wake hulala hapo."

"Basi. Hilo joto limetolewa kwa maziwa na nyama, likatupwa nyuma. Hii mashine ni friji imegeuzwa. Inachukua joto ya huku nje, inaisukuma ndani ya nyumba. Hata hii baridi iko na joto, ni vile tu imetawanyika. Ikifika Februari, mnageuza: inatoa joto ndani, inatupa nje."

Wahu alitazama mawingu. Joto lililotawanyika. Alijaribu kuliona, likiwa limeenea vipande vidogo vidogo kutoka hapa hadi Kangemi, likingoja wa kulikusanya.

"Na hiyo mistari myembamba ya bati ni ya nini?"

"Hapo ndipo hewa inapita."

"Na ikiziba vumbi?"

"Inachoka. Lazima isafishwe." Dedan alicheka. "Mathe, wewe unauliza ni kama unanipa mtihani."

Hakuwa akimtania vibaya. Wahu aliishia darasa la nane, na tangu hapo maswali yake hayakupata mwalimu, kwa hiyo alimuuliza yeyote aliyekuja na kisanduku cha vyombo: wa lifti, wa pampu, wa mita. Kwa miaka kumi na mmoja alisafisha jumba lile na kujifunza hivyo. Mzee wa funguo alipostaafu mwezi wa tano, Viraj, mwenye jumba, alimpa Wahu kitita cha funguo za paa kwa majaribio. "Mpaka mashine iwake, Mama Njambi," alimwambia. "Ikiwaka salama bila mchezo, paa ni lako. Nitaandika barua. Lakini mtu akigusa kitu huko juu bila kuambiwa, sitaki kumuona tena." Funguo sita katika pete ya waya. Wahu alizibeba shingoni, chini ya sweta la ndani, na jioni akifika nyumbani Satellite alizitundika msumari wa juu, mbali na watoto.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomfanya aitake mashine iwake. Ghorofa ya tatu kulikuwa na kliniki ya watoto. Kila asubuhi aliwaona akina mama wakiwavua vitoto nguo ili vipimwe uzito, vikitetemeka kwenye mizani mpaka mshale ukakataa kutulia.

Saa tatu Dedan alifunga mlango mdogo wa mashine na kupandisha swichi kubwa iliyokuwa ukutani, ya mkono mwekundu. Taa ndogo ya kijani iliwaka. Mashine haikusema neno.

"Mbona hainguru..." Wahu alianza.

Lakini simu ya Dedan ililia. Alisikiliza akikunja uso, kuna kazi nyingine Westlands, watu wamekwama. Alirarua kipande cha katoni, akaandika kwa kalamu nene, akakifunga kwenye swichi kwa waya.

HII SWICHI ISIZIMWE SIKU NZIMA. FUNDI.

"Umeona, mathe? Kesho nakuja tuiamshe." Akateremka ngazi mbili mbili.

Maswali yote yale aliyouliza asubuhi ile, na moja lililohitajika likakatikia mdomoni.

Wahu alikilinda kile kipande cha katoni kama askari. Saa sita kijana wa kuzibua mabomba alipanda akitaka kuchomeka drili hapo karibu, Wahu akamfukuza: "Wewe, husomi? Siku nzima!" Saa tisa kukadondoka mvua nyepesi, akakivisha mfuko wa nailoni. Alipanda mara nne kuhakikisha taa ya kijani bado inawaka.

Jua lilipoteremka upande wa Kitisuru, likaacha wekundu kidogo tu chini ya mawingu, alipanda mara ya tano na ndoo yake ya mwisho. Saa moja kasorobo jioni. Chini, msikitini, iliadhiniwa Magharibi. Alisoma tena yale maandishi, akifuatisha kwa kidole, maana maandishi ya mtu mwingine ni kitu cha kuogopa kidogo, hasa yakiwa machache. Siku nzima. Haya, siku ilikuwa imekwisha. Aliitazama mashine ile kimya ikila stima bure. Viraj hakupenda taa iwake chooni bila mtu. Kuzima kila kitu kabla ya kuondoka ndiyo kazi ya mwenye funguo. Wahu alishika ule mkono mwekundu kwa mikono miwili, akauteremsha. Taa ya kijani ikafa. Alifunga mlango wa paa akiwa ameridhika na nafsi yake.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi akapanda, na kwa kuwa siku mpya imeanza, akaiwasha tena.

*

Walikuja saa tatu unusu. Dedan na mita zake. Viraj na koti la ngozi. Na mama yake Viraj, ambaye kila mtu jumbani alimwita Ba, hata askari wa mlangoni. Ba alikuwa na miaka themanini na moja. Alipanda ngazi ya mwisho akimshika Wahu bega, kikapu mkononi: nazi, uzi mwekundu, unga mwekundu katika kikopo, na peremende za maziwa.

"Saa tatu na dakika arobaini," Ba alisema, akionyesha saa yake. "Hapo ni wakati mzuri. Baada ya hapo, leo hapana tena."

"Ba amepigia pandit wa hekalu simu," Viraj alimwambia Dedan, nusu akiomba radhi. "Tuko na dakika tisa."

"Poa, boss. Haina shida." Dedan alifungua mlango mdogo, akagusa kitu haraka kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Iko sawa."

Ba alifunga uzi mwekundu kwenye komeo la mashine, akatia nukta ya unga juu ya bati, kama anavyotiwa mtoto katikati ya paji. Wahu alisimama nyuma na ndoo, akitabasamu. Alikuwa na swali lake la jana bado.

"Fundi," alisema polepole, "jana ilikaa kimya tu. Ilikuwa ikifanya nini?"

"Inapasha tumbo, mathe." Dedan alikuwa akifunga mita kwenye waya, hakumtazama. "Ndani ya kompresa, hii pampu ya kusukuma gesi, kuna oili. Kukiwa baridi, gesi inaingia kwa hiyo oili, inalala huko ikiwa maji. Ukiwasha hivyo, kompresa inameza maji badala ya hewa. Inajivunja meno siku ya kwanza. Ndiyo kuna hita hapa chini. Lazima ikae kwa stima saa ishirini na nne, usiku na mchana, kabla uamshe."

Usiku na mchana.

Wahu aligeukia swichi. Alitazama kile kipande cha katoni katika nailoni yake. Maneno yalikuwa yale yale. Hayakuwa yamebadilika hata herufi moja, na hayakuwa yale aliyoyasoma.

"Dakika nne," Ba alisema.

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililomjia kwanza. Taa ya kijani ilikuwa ikiwaka. Dedan alikuwa amegusa na kusema iko sawa. Kwa saa tatu na nusu hita imeshapasha bati la nje, ya ndani nani atayajua? Na huenda isivunjike. Mara ngapi mtu amekosea na dunia ikaendelea? Ikivunjika, watasema ilikuja mbovu. Funguo zilimkaa kifuani, sasa zimepata joto la mwili wake.

"Ikivunjika meno," aliuliza, na sauti yake ikatoka ndogo, "inachukua muda gani kuletwa nyingine?"

"Kompresa ya hii? Inatoka ng'ambo. Miezi minne, mitano."

Julai. Agosti. Vitoto kwenye mizani.

"Dakika mbili. Viraj, shika nazi."

Dedan alinyoosha kidole kwenye kitufe.

"Nilizima," Wahu alisema.

Hawakumsikia, upepo ulipita. Akaweka ndoo chini kwa kishindo. "Fundi, ngoja! Jana jioni nilizima swichi. Nikawasha leo saa kumi na mbili. Usiku wote ilikuwa imezimwa."

Kidole cha Dedan kilibaki hewani.

"Ulifanya nini?" Viraj alisema.

"Nilizima, boss."

"Mama Njambi! Nilikuambia usiguse! Na imeandikwa hapo, kubwa! Wewe si unajua kusoma?"

"Najua." Machozi yalimjaa machoni lakini hakuyafuta. "Imeandikwa siku nzima. Nikakaa nayo siku nzima. Jioni siku ikaisha."

"Siku nzima ni saa ishirini na nne!"

"Ya nani?" Ba alisema.

Wote walimgeukia. Bibi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama saa yake ikipita ile dakika aliyoingoja. "Baba yako alikuwa na duka Machakos miaka thelathini. Jua ikizama, anafunga mlango, anasema siku imeisha. Hajawahi kusema iko bado."

"Ba, hii ni mashine. Si duka."

"Hapana mashine imesoma hii karatasi. Mtu amesoma."

Dedan alikuwa amepiga magoti, mkono ndani, safari hii akibonyeza taratibu mpaka chini kabisa. Aliutoa akiutazama. "Huku chini bado ni baridi," alisema. Aliufuta kwenye suruali. "Ningewasha, boss. Niligusa juu tu. Na hiyo kuandika... ningeandika vizuri."

Viraj alinyoosha kiganja. Wahu aliivuta ile pete ya waya kutoka shingoni, ikakwama kwenye leso, akaikwamua, akamkabidhi. Funguo zilikuwa bado na joto.

"Tutaongea kesho," Viraj alisema, na nazi ikarudi kikapuni nzima.

Kabla ya kuteremka Dedan aligeuza kipande cha katoni upande usioandikwa, akampa Wahu kalamu. "Andika wewe, mathe. Vile wewe ungeelewa."

Aliandika akiwa amepiga goti, herufi za shule, zimesimama wima. USIZIME USIKU. USIZIME MCHANA. MPAKA FUNDI AJE. ULIZA. Akafikiri, akaipigia ile ya mwisho mstari chini.

*

Siku iliyofuata wakati mzuri ulikuwa saa nne na dakika nane. Wahu alipangusa ghorofa zote sita bila kupanda juu. Hakuwa na funguo. Saa nne kasorobo askari wa mlangoni alimwita: "Ba anakutaka huko juu."

Viraj ndiye aliyekuwa amefungua mlango wa paa. Nazi ilimjaa mikono, kwa hiyo alikuwa ameweka funguo juu ya bati la mashine, karibu na ile nukta nyekundu. Hakumtazama Wahu, wala hakumfukuza.

"Mathe, kuja uguse," Dedan alisema. "Hapa tu kwa hii chuma nyeusi, chini. Waya usisogelee hata kidogo."

Wahu hakuweka kiganja. Aligeuza mkono, akaweka mgongo wa kiganja, kama mama anavyomgusa mtoto usiku akitaka kujua homa imefika wapi. Alisubiri. Ilikuwa na joto, joto la chini kabisa, tulivu, lile la kitu kilicholala vizuri.

"Imeiva," alisema.

Ba alipiga nazi kwenye ukingo wa saruji, maji yakatapakaa. Dedan akabonyeza. Kwanza feni, polepole, moja kisha ya pili. Kisha kitu kizito kikajigeuza ndani, kikakohoa mara moja, kikatulia katika mngurumo mzito uliopanda kwa nyayo za viatu. Dedan alisoma mita yake, akasoma tena. Hewa iliyotoka kwenye feni ilimpiga Wahu usoni, na ilikuwa baridi kuliko upepo wenyewe.

"Mbona ni baridi?" aliuliza kabla ya kujizuia.

"Joto tumeshachukua," Dedan alisema akicheka. "Iko njiani inaenda chini."

Ghorofa tatu chini, kwenye kliniki, mtu aliita kwa dirisha kwamba hewa inanuka vumbi, kisha kwamba ina joto. Ba aligawa peremende. Viraj alichukua yake, akasimama akitafuna, akiitazama mashine, na Wahu akaitazama pia. Juu ya bati lililotetemeka, zile funguo sita zilikuwa zimeanza kutembea, kidogo kidogo, zikigongana kwa sauti ndogo, zikielekea ukingo wa upande aliosimama Wahu. Viraj aliziona, akaziacha ziende.