Sahani Iliyorudi Tupu

Kati ya nyumba ya Mwajabu, muuza vitenge wa Kasulu mjini, na ya jirani yake Maximilla, muuza mawese, palikuwa na ua wa michongoma wenye upenyo mmoja. Upenyo huo ulifunguliwa na sahani. Akipika mmoja, sahani inapita kwa mwenzake, na hairudi tupu. Ikienda na maharage, inarudi na maandazi. Nyumba ikikosa kitu kabisa, inarudi na ndimu mbili au kipande cha sabuni. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mtu kwamba ujirani umekwisha, na pale mtaani hakuna aliyewahi kuthubutu.

Mwaka 2013 magoti ya Mwajabu yaligoma kumbeba kwa unene wake. Alikwenda hospitali Kigoma, daktari akampima kila kitu, kisha akamwandikia vidonge vya kupunguza hamu ya kula. Vilikuja na masharti yake. Ameze kimoja tu, tena asubuhi, maana kikimezwa jioni usingizi unahama nyumba. Awe anapimwa presha, atembee, arudi kuonwa kabla ya kuongezewa vingine. Na dawa ile imeandikwa kwa jina lake, isiingie kinywani mwa mtu mwingine.

Masharti aliyasikia, lakini kuyashika ni jambo jingine. Kwenye arusi moja Buhigwe aliona kidonge kimoja hakifui dafu mbele ya pilau, akameza cha pili. Moyo ukaanza kwenda kama mashine ya kusaga, mikono ikamtetemeka, akakaa pembeni ameshika kifua huku wenzake wanacheza. Pilau lenyewe hakulionja. Alipompigia daktari simu, aligombezwa kama mtoto wa shule, na tangu hapo masharti yale aliyashika kama swala tano.

Mwili ukaanza kupungua, na Maximilla hakuwa kipofu. Siku moja akaja na sahani ya ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, akamsalimia "Mwakeye" kwa sauti ya mtu mwenye haja. Alikuwa amejifunga kichwa kwa kitambaa, kama kawaida yake, kwa maumivu ya kisogo ambayo siku zote aliyasingizia moshi wa mawese.

"Mama Saady, mugenzi wangu, mwenzangu wa siku zote," alisema, "mimi nawe tumegawana chumvi, tumegawana moto. Sahani hii ikirudi, nitilie na mimi vile vidonge vinavyokupunguza."

Mwajabu akajaribu kumweleza habari za daktari na vipimo. Akamuuliza presha yake aliipima lini.

"Presha yangu haijawahi kunisumbua," Maximilla akajibu, "kwa hiyo na mimi siisumbui."

Asubuhi yake Mwajabu aliosha sahani, akaweka vidonge vichache, akafunika kwa kitambaa. Angefanyaje? Kumnyima Maximilla kitu kulikuwa kama kumnyima ndugu wa tumbo moja. Alipofika kwenye upenyo akamwona rafiki yake ameketi karibu na madumu ya mawese, macho ameyafumba, kisogo amekishika kwa mikono yote miwili. Mwajabu akakumbuka moyo wake mwenyewe kule arusini. Akavichota vile vidonge, akavifunga kwenye pindo la khanga. Kabla hajarudi kutafuta hata ndimu, Maximilla alishafumbua macho, akaipokea sahani na kuifunua.

Akaikuta tupu, akaigeuza juu chini.

"Sikupi, Mama Nestori," Mwajabu akasema. "Nuna ukitaka. Lakini twende tukakupime."

Maximilla alinuna kweli. Aliziba upenyo kwa beseni bovu na matawi ya miiba, na sokoni akawa anageuza shingo kama Mwajabu ni inzi. Mwajabu alilia, tena bila kujificha. Ile dawa ilimwondolea hamu ya chakula, haikumwondolea hamu ya Maximilla.

Beseni liliondolewa na aliyeliweka. Maximilla alitokea amevaa kitenge cha kanisani, akatangaza kwamba wanakwenda kwenye hicho kipimo sasa hivi, na akitoka mzima, Mwajabu atamwomba radhi mbele ya soko zima. Mwajabu akakubali, huku akiomba moyoni kwamba aaibike yeye.

Zahanati walimkuta mganga Bazilio, mtu wa maneno machache. Alimpima Maximilla, akamwambia apumzike, akampima tena. Kisha akamuuliza kama kuna dawa yoyote aliyokuwa akitumia.

"Hapana," akasema Maximilla. "Nilinyimwa."

Alipoelezwa ni dawa gani, Bazilio aliweka kalamu chini. Akasema vidonge vile vinaweza kupandisha presha, na yake tayari ilikuwa imepanda vibaya mno. Angevimeza, huenda leo angeletwa amebebwa. Akamwanzishia dawa za presha, akamtaka arudi kupimwa, apunguze chumvi na atembee. Akaongeza kwamba apunguze pia mawese kwenye mboga. Hilo ndilo pekee lililomuudhi muuza mawese.

Njia nzima ya kurudi Maximilla alikuwa amemshika Mwajabu mkono, na hakuuachia hata walipofika mlangoni.

Siku hizi wanatembea pamoja kila asubuhi, wakigombana njia nzima juu ya nani anamchelewesha mwenzake. Kisogo kimetulia, kitambaa kimefunguliwa. Sahani zinapita kwenye upenyo kama zamani, ila zina mboga nyingi kuliko ugali. Moja tu haipiti tena. Maximilla ameitundika ukutani sebuleni, juu ya picha ya ndoa yake, na mgeni akiuliza, humjibu kwa majivuno:

"Hiyo? Hiyo ndiyo aliyonirudishia Mama Saady tupu."